Mwalimu wa Pumzi wa Wachonga Mawe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanaume kumi na wanne wamekaa kwenye baraza la mawe mbele ya hekalu dogo la Dhanasar, kijiji cha wachonga mawe katika jimbo la Rajasthan, wakikodolea macho kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni mtandio wa manjano uliochakaa pindoni. Umemfunika uso Sohani Devi mpaka kidevuni. Akivuta pumzi, mtandio unanata puani. Akiitoa, unainuka kidogo, kisha unashuka taratibu. Wanaume nao wanavuta na kutoa hivyo hivyo, kwa kuwa mwalimu wao hawamwoni uso.

Sohani, mwenye miaka hamsini na miwili, aliolewa kijijini hapa, na mke aliyeolewa hapa hafunui uso mbele ya wakubwa wa mumewe. Wala hawasemeshi moja kwa moja. Mkubwa kuliko wote barazani ni Hazari, kaka wa marehemu mumewe, na ndiye mgonjwa kuliko wote. Kwa hiyo mwalimu akitaka kumrekebisha, huiambia nguzo ya hekalu.

"Nguzo, mwambie shemeji mkubwa asipandishe mabega. Hatumpimi shati hapa."

Hazari, aliyeegemea mto, anaijibu nguzo hiyo hiyo. "Mwambie Mama Devkaran, mabega ndiyo yaliyobaki." Anatafuta hewa. "Mengine yameliwa na mawe."

Wenzake wanacheka. Kicheko kinageuka kikohozi, kinapita kutoka mtu hadi mtu, na Sohani anangoja mpaka wa mwisho anyamaze. Ndipo mtandio unapoanza tena kupanda na kushuka.

Dhanasar wanakata mawe mekundu tangu enzi za mababu. Mchonga mawe hulipwa rupia 450 kwa siku. Anayeshika mashine ya kutoboa mwamba hupata 750, maana kazi yake ni nzito na vumbi lake halina mfano. Mashine zinatoboa pakavu, bila maji, na mtu hutoka pale kope zimekuwa nyekundu kama aliyepakwa rangi za sikukuu. Wengi hawafiki miaka hamsini.

Chitar, mume wa Sohani, aliishia arobaini na minne. Ni miaka kumi na mmoja sasa.

"Mara tatu alipewa vidonge vya kifua kikuu, na mara tatu alivimaliza vyote," anasema Sohani, akikanda unga wa uwele jikoni kwake baada ya darasa. Hapa, mbele ya wanawake na mgeni wa kike, mtandio ameusukuma nyuma ya masikio. Uso wake ni mpana, na macho yake hayana haraka. "Kumbe hakuwa na kifua kikuu. Alikuwa na mawe. Wakati ule hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lina ugonjwa wake."

Baada ya msiba, Sohani alipata kibarua cha kupika mikate kwa watawa wanaoishi nje ya kijiji. Mkuu wao ni Baba Nirmalnath, mzee mkavu mwenye meno mawili na ulimi usiolala. Baba alimwona yule mpishi akisinzia mbele ya moto.

"Nilikuwa silali," Sohani anakumbuka. "Nikifumba macho namsikia mume wangu anavyohangaika na hewa. Baba akaniambia nikae mgongo wima, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, basi. Siku ya tatu nililala mpaka mikate ikaungua. Hakunigombeza."

Alichokifanya Baba ni kumuuliza swali ambalo bado humuuliza kila akimwona: "Wewe ni nani?"

"Nikamjibu, mjane wa Chitar. Akasema, huyo Chitar, nakuuliza wewe. Nikasema, mama yake Devkaran. Akasema, huyo Devkaran. Nikasema, basi mimi mpika mikate. Akaitazama mikate yangu, akasema, hata hilo lina mashaka." Sohani anacheka mpaka unga unamrukia shavuni. "Eti wote hao ni majirani zangu. Mwenye nyumba hajatoka."

Kwa miaka saba alipika na kujifunza. Miaka minne iliyopita, alipoona vijana aliowalisha utotoni wanashindwa kupanda ngazi za hekalu, aliamua kuwafundisha. Kijiji kikacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Hazari.

"Mke wa mdogo wangu awafundishe wanaume kupumua?" alifoka. "Kwani tangu tuzaliwe tumekuwa tukifanya nini?"

Lakini kikohozi chake kilikuwa hakimpi usingizi. Akaja siku moja barazani, kwa madai kwamba amekuja kukagua adabu ya darasa. Akakaa nyuma kabisa. Alfajiri ya pili akaja tena kukagua, na ya tatu. Ya nne akaja na mto wake.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na Sohani hapendi mtu amsaidie kulifanya liwe dogo.

Ili wanaume wasichoke, aliwagawia tasbihi za mbao za hekaluni. Mtu anapotoa pumzi moja anasogeza punje kwa kidole, akihesabu zimepita ngapi kabla hewa haijamwishia. Wachonga mawe ni watu wa mashindano, na hilo lilikuwa shindano jipya. Walikuja wakiwa na punje sita, saba. Baada ya miezi michache wakawa na kumi na mbili, kumi na tano. Watu waliwekeana chai juu ya punje. Hata washenga waliposikia kijana anatafuta mke, waliuliza: ana punje ngapi?

Hazari alipanda kutoka tisa hadi kumi na tisa. Devkaran, mwana pekee wa Sohani, alifika ishirini na nne. Hakuna aliyemkaribia.

"Niliamini," anasema Sohani. "Niliona punje zinapanda, nikasema mapafu yanapona. Nani angeniambia sivyo? Wenyewe walikuwa wanalala, wanakula, wanacheka."

Habari zikamfikia Nathu Singh, mkandarasi wa machimbo. Akaja barazani na sanduku la peremende, akamsifu Mama Devkaran mbele ya watu, akaahidi kumpa rupia elfu nne kila mwezi. Alichotaka ni kitu kimoja: mwisho wa mwezi aone daftari la punje.

Sohani alimpa daftari. Mwenye punje kumi na tano kwenda juu alipelekwa kwenye mashine ya kutoboa, kwa kuwa kifua chake ni cha chuma. Mwenye chache aliachwa kwenye patasi. Vijana wakazidisha bidii asubuhi ili wapate ujira wa mashine. Hazari, ambaye kwa umri wake angekuwa amekwishakaa kivulini kuchonga vizingiti, alirudishwa kwenye vumbi lenyewe kwa miaka miwili. Devkaran naye alikabidhiwa mashine kubwa kuliko zote.

Madaktari wa vifua kutoka mjini walipokuja kupima watu bure, wanaume wa Dhanasar waliwapita kwa madaha. "Mtu wa punje kumi na tisa apimwe nini?" Hazari aliwauliza. Sohani alikuwepo. Alijiona mwenye fahari.

Mwaka jana, katikati ya baridi, Hazari alianguka kwenye njia ya machimbo. Walimpeleka mjini, na Sohani akaenda kumuuguza, kwa sababu shemeji yake ni mgane asiye na mtoto. Daktari aliiinua picha ya kifua dirishani. Pale palipotakiwa kuwa peusi palikuwa peupe, huku na huku.

"Nikamwambia daktari, lakini ana punje kumi na tisa," anasimulia Sohani. Sauti yake inashuka. "Ikabidi nimweleze punje ni nini. Akanisikiliza vizuri, hakunidharau. Akasema, mama, huyu amejifunza kutumia vizuri kidogo alichobakiwa nacho. Ni kama mtu mwenye unga wa kibaba kimoja, akaupika kwa akili watoto wakashiba. Ghala bado ni tupu."

Sohani anaacha kukanda.

"Nikahesabu. Ni mimi niliyemtoa kivulini. Daftari lile ni mkono wangu. Halafu nikamkumbuka mwanangu, na mahali alipokuwa saa ile."

Alirudi kijijini kwa basi la mchana. Kesho yake alfajiri wanaume thelathini na saba walikuwa barazani, na Hazari, aliyekataa kulazwa, alikuwa ameegemezwa kwenye mto wake. Sohani aliketi mbele yao. Mtandio haukupanda wala kushuka. Kisha akafanya jambo ambalo halijafanywa na mke yeyote wa ukoo ule. Hakuiangalia nguzo.

"Shemeji," alisema, "nimekudanganya. Nimewadanganya wote. Pumzi hii haitoi vumbi. Haijawahi kutoa hata chembe. Nendeni mkapimwe, na mwenye mashine aiache leo."

Uso alikuwa bado ameufunika. Akiulizwa kwa nini hakuufunua siku ile, anashangaa. "Ugomvi wangu ulikuwa na vumbi. Mtandio ulikuwa na kosa gani?"

Kisha Kajod, mchonga vinyago mwenye hasira za karibu, akasimama. "Miaka mitatu! Miaka mitatu tunapuliza nini basi? Tungekuwa walau tumelala!" Akaitupa tasbihi yake, punje zikatawanyika barazani, na watu wakaondoka wakizikanyaga.

Siku iliyofuata walikuja sita. Nathu Singh alisitisha zile elfu nne na kutangaza kwamba mjane amechanganyikiwa kwa uchovu. Na Devkaran, bingwa wa kijiji, alihamishia kitanda chake kwa rafiki. Hakumsemesha mama yake kwa siku kumi na moja.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia aliporudi. "Wenzangu wananiita Punje Tupu. Na mashine siiachi. Nathu Singh ananifanya mnyapara baada ya mavuno."

Sohani alikwenda kwa Baba Nirmalnath, akalia. Akamwambia kwamba sasa walau anajua kitu kimoja, kwamba yeye si mwalimu.

"Vizuri," Baba alimjibu. "Na si mwongo pia. Endelea kuondoa."

"Nilikasirika," anakiri Sohani. "Mtu ana msiba, unampa fumbo! Lakini njiani nikaikumbuka ile alfajiri. Niliisikia sauti ikisema, shemeji, nimekudanganya, nikajiuliza ni nani anayeongea hivi bila kutetemeka. Mjane wa Chitar asingethubutu. Mama Devkaran angemwogopa mwanawe. Alikuwa ni mimi. Basi, yule mwenye nyumba nilimwona mara moja tu. Ila nilimwona."

Taratibu watu wakaanza kurudi. Kajod alirudi wa kwanza, kwa shari, akisema amekuja tu kuokota punje zake. Mkewe ndiye aliyefichua kwamba bila yale mazoezi alikuwa akiamka anajikaba koo kwa hofu. Sasa Sohani anawaambia wazi kila asubuhi kwamba pumzi hii haiponyi kifua, inamtuliza mwenye kifua. Hewa ikipungua, mtu hupaparika, na kupaparika kunaila hata ile iliyobaki. Tasbihi zimerudishwa hekaluni. Hakuna anayehesabu.

Devkaran hakurudi. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza, amejifunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye mashine yake.

Jumatano mbili zilizopita, madaktari wa vifua walikuja tena, wakaweka gari lao la picha karibu na kisima. Wanaume walipanga foleni. Sohani alisimama pembeni, mtandio umemfunika, akiitazama njia ya machimbo. Alikuwa amemwomba mwanawe mara moja tu, usiku uliotangulia, na mwanawe alikuwa amemjibu: "Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, Mama. Lakini mimi sina maradhi ya kuficha."

Mnamo saa sita mchana vilio vililipuka upande wa nyumba ya Hazari.

Wanaume wanne walikuwa wametoka uani wamebeba kitanda cha kamba mabegani, na juu yake kuna mtu aliyefunikwa shuka. Dhanasar mtu akibebwa mabegani na wanne, hakuna anayeuliza. Wanawake walijipiga vifua. Sohani alikimbia mpaka viatu vikamtoka miguuni.

"Bado!" Shuka ilifunuka, na kichwa cha Hazari kikachomoza, kimeghadhabika. "Yatunzeni hayo machozi. Yatahitajika." Akavuta hewa. "Twende, Kajod. Unatembea kama bibi harusi."

Wanaobebwa Dhanasar huteremshwa kwenye kijito, mahali pa kuchomea maiti. Hazari alikuwa anapandishwa, kuelekea machimboni. Watu wakaacha foleni na kufuata, madaktari wakabaki na gari lao. Sohani alifuata nyuma ya wote, peku, juu ya vifusi vya mawe vilivyopata moto wa jua. Alidhani shemeji yake amerukwa na akili kwa kukosa hewa.

Devkaran alikuwa juu ya mashine, wingu jekundu limemzunguka. Wabebaji walikitua kitanda hatua tatu mbele ya ncha ya chuma. Hazari akaanza kukohoa vile ambavyo mtu hatamani kusikia mara mbili. Kijana angeweza kuendelea kutoboa mwamba, lakini si mbele ya baba yake mkubwa anayefia kwenye vumbi lake. Akaizima mashine.

"Baba mkubwa, shuka nyumbani, jua kali."

"Sina haraka." Hazari alifumba macho, akatoa pumzi ndefu kwa midomo iliyobanwa, kama alivyofundishwa. Akafanya hivyo mara tatu au nne. "Devkaran. Mimi sina mwana. Wa kunibeba siku yangu ni wewe."

"Najua, Baba mkubwa."

"Nimekuja kuliangalia hilo bega." Akapumzika. "Nijue kama litakuwepo. Au tutapishana njiani, nibebwe na wageni?"

Sauti ya Nathu Singh ilisikika kutoka kwenye kibanda: nani kazima mashine?

"Mimi," alisema Devkaran. "Nambeba mzee."

Alimtoa Kajod kwenye mguu wa mbele wa kulia, akauweka begani mwake. Aliteremka nao mpaka kisimani bila kubadilishana na mtu. Sohani anasema alivuta pumzi pale juu, na hakumbuki kuitoa mpaka alipomwona mwanawe amevua shati mbele ya mashine ya picha.

Majibu yalitoka Ijumaa. Juu ya pafu la kulia na la kushoto kuna madoa, machache, madogo. Yameanza. Daktari hakuwaficha: hayatoki. Ila kijana akiliacha vumbi sasa hivi, huenda yakakaa hivyo hivyo miaka mingi. Akiendelea, asitarajie kufika umri wa baba yake.

Devkaran aliishika ile picha kwa muda, akiigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mama, kumbe zile ishirini na nne zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa za kutulia, mwanangu," Sohani alimjibu. "Mimi ndiye niliyezisoma vibaya."

Mashine kubwa ya Nathu Singh imepata kijana mwingine, wa kijiji cha jirani. Devkaran sasa anakusanya maziwa ya nyati wa kufugwa nyumba kwa nyumba kwa pikipiki ya kuazima, rupia 280 kwa siku, na wenzake wamemtungia jina lingine la utani linalohusu nyati. Asubuhi hukaa mstari wa mbele.

Hazari haondoki tena kwenye mto bila kushikwa. Sohani humpelekea mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na jioni hukaa nje ya mlango wake, ili mzee apumue akiusikiliza mtandio, kama anavyosema mwenyewe. Darasa limepata sheria mpya: hakai mtu barazani mpaka alete picha ya kifua. Yule kijana wa jirani alikuja juzi bila picha, akarudishwa. Sohani alimpa chai kwanza, kisha akamwelekeza siku ya gari la madaktari. Yeye na Kajod wanazunguka na karatasi wakikusanya alama za dole gumba za wachonga mawe, wakidai mashine zitoboe kwa maji. Zimefika alama mia moja na sitini.

Akiulizwa anataka nini kwa ajili yake mwenyewe, Sohani anapanga mikate kwenye kapu, anaifunika, anafunga fundo.

"Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto wa wazazi wake," anasema. "Chitar aliwashiwa na mtoto wa miaka kumi na mitano. Shemeji naye zamu yake inakuja, na Devkaran atambeba. Halafu itabaki zamu yangu. Nataka niwe nimezeeka, na Devkaran awe na mvi. Nataka aniwashe moto, kisha arudi nyumbani kwa miguu yake, akapande zile ngazi za hekalu bila kusimama."